Mifuko mingapi ya simenti? Hesabu ya jamvi na plasta kutoka kwenye eneo na unene

Simu ninazopigiwa huwa zinaanza hivi: "Kaka, simenti imekata na zege halijafika hata chumba cha tatu, fundi anasema niongeze mifuko ishirini, huyu ananiibia?" Mara nyingi fundi haibi. Mwenye nyumba alipiga hesabu mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, akapata namba nzuri ya duara, akanunua, na namba yenyewe ilikuwa na kosa tangu mwanzo. Na makosa ni yale yale matatu kila siku: anachanganya inchi na mita, anaamini unene wa kwenye ramani, halafu anasahau kwamba zege likishachanganywa linasinyaa.

Mimi mwenyewe nimeliwa. Jamvi langu la kwanza (jamvi ni zege la sakafu ya chini), Kibaha, simenti ilikata saa kumi jioni ikiwa imebaki sebule, duka la jirani limefunga, lori limeharibika njiani, tukamalizia kesho yake asubuhi. Mpaka leo pale zege la jana lilipokutana na zege la kesho pana mstari wa ufa umepita sebuleni kama mto kwenye ramani. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, jamvi la nyumba ya kawaida, ili uone namba zinavyotembea. We weka zako.

## Andaa hivi kwanza

- Tepu ya mita 5 na ile ndefu ya mita 30 (azima, usinunue kwa kazi ya siku moja)
- Uzi wa kujengea na vigingi
- Mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, wa kupimia levo
- Ndoo moja ya lita 20 ambayo umeihakiki
- Daftari na kalamu. Simu inazima chaji, daftari halizimi
- Kalkuleta yoyote

Ndoo kuihakiki maana yake hivi: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, mimina chupa 13 ndani ya ndoo, hapo ni lita 19 na nusu, piga alama kwa maka. Ndoo za dukani zingine ukijaza mpaka mdomoni zinazidi 20, na ukizidisha kosa hilo mara ndoo mia tano unaelewa mwenyewe.

## Hatua ya 1: Pata eneo, na ulipate kwa mita

Nyumba nyingi sio boksi. Ina kibaraza kimechomoza, jiko limeingia ndani. Usihangaike na umbo zima, likate vipande vya mstatili, kila kipande urefu mara upana, halafu jumlisha.

Mfano wetu: kipande kikubwa ni mita 9.2 kwa 6.5, hapo ni mita za mraba 59.8. Kipande cha jiko na baraza ni 4.0 kwa 3.3, hapo ni 13.2. Jumla mita za mraba 73.

Swali moja la kumuuliza fundi kabla hujapima: jamvi linapita juu ya ukuta wa msingi au linaishia ndani ya ukuta? Likipita juu, unapima nje kwa nje. Likiishia ndani, unapima ndani kwa ndani, chumba kwa chumba. Hapa tu watu wanapishana mita za mraba 8 au 9 kwenye nyumba ile ile moja. Mfano wetu linapita juu.

Onyo: kama fundi amekupa vipimo kwa futi, badili kwa mita kabla hujazidisha chochote. Futi moja ni mita 0.305. Chumba cha futi 10 kwa 12 sio mita 10 kwa 12 jamani, ni kama mita za mraba 11 tu, nimeona mtu ameagiza kokoto za chumba kimoja zikatosha nyumba nzima na choo cha nje.

Utajua umepatia kama ukipima mara ya pili kwa kuanzia kona nyingine unapata kitu kile kile, tofauti isizidi nusu mita ya mraba.

## Hatua ya 2: Pima unene uliopo saiti, achana na wa ramani kwanza

Hii ndio hatua yenye pesa, soma taratibu.

Ramani inasema jamvi sentimita 10, yaani zile inchi 4 za mafundi. Sawa. Lakini zege halisomi ramani, zege linajaza shimo lililopo. Kama kifusi kimeshindiliwa vibaya, hapa pamebonyea sentimita 3, pale pamebonyea 2, hayo mabonde yote yatajazwa na simenti yako.

Fanya hivi. Tumia mpira wa maji kupata levo moja kwenye kona zote, piga vigingi, vuta uzi kwenye usawa ambao jamvi litaishia juu. Halafu shuka na tepu kutoka kwenye uzi mpaka chini kwenye kifusi, sehemu tisa: kona nne, katikati ya kila upande, na katikati ya nyumba. Andika zote, hata zile zinazokuudhi.

Kwenye mfano wetu zilitoka hivi kwa sentimita: 10, 11, 12, 9, 13, 12, 11, 10, 11. Jumla 99, gawa kwa 9, wastani ni sentimita 11.

Ramani 10, saiti 11. Unaweza kusema aah sentimita moja tu. Sentimita moja kwenye mita za mraba 73 ni karibu robo tatu ya mita ya ujazo, na hiyo ni mifuko mitano ya simenti bila kuhesabu kokoto na mchanga wake. Sentimita moja! Ndio maana nasema kabla ya kwenda dukani nenda ukamwambie saidia fundi aongeze moramu (udongo wa changarawe) kwenye mabonde na ashindilie tena, moramu ni bei rahisi kuliko zege siku zote.

Na ile sehemu iliyotoka 9 usiichekee, pale jamvi litakuwa jembamba, chonga kifusi kishuke.

Umepatia ukiona vipimo vyote tisa vinapishana sentimita 2 au chini. Mfano wetu vinapishana 4 kwa hiyo kiukweli kazi ya kushindilia haijaisha, ila tuendelee nao hivyo hivyo maana ndio hali ya saiti nyingi.

## Hatua ya 3: Eneo mara unene, kipimo kimoja

Mita mara mita mara mita. Sentimita 11 ni mita 0.11. Kwa hiyo 73 × 0.11 = mita za ujazo 8.03.

Usipige 73 × 11. Usipige 73 × 4 kwa sababu eti ni inchi nne. Ukibaki na inchi: inchi 3 andika 0.075, inchi 4 andika 0.10, inchi 5 andika 0.125, inchi 6 andika 0.15, basi, bandika ukutani.

Njia ya kujihakiki bila kalkuleta: unene ukiwa sentimita 10, ujazo ni eneo ukigawa kwa kumi. Mita za mraba 73 inakuja 7.3. Sisi tuna 11 kwa hiyo lazima ije juu kidogo ya hapo, na imekuja 8.03. Ukipata 80 au 0.8 umeteleza nukta.

Halafu ongeza ya kumwagika. Zege linadondoka kwenye toroli, linabaki kwenye mikisa, linavuja pembeni ya mbao. Asilimia 5 inatosha kama mbao zimekaa vizuri. 8.03 × 1.05 = 8.43.

## Hatua ya 4: Badili kutoka zege bichi kwenda vitu vikavu

Hapa ndipo wanapoanguka hata wale wanaojua hesabu.

Chukua ndoo 4 za kokoto, ndoo 2 za mchanga na ndoo 1 ya simenti, jumla ndoo 7. Changanya na maji. Unadhani utapata ndoo 7 za zege? Hupati. Utapata kama ndoo nne na nusu. Mchanga umeingia kwenye matundu yaliyo kati ya kokoto, simenti imeingia kwenye matundu ya mchanga, hewa imetoka. Hakuna aliyeiba, ndivyo vitu vilivyo.

Kwa hiyo ili upate mita moja ya ujazo ya zege lazima ununue kama mita 1.54 za vitu vikavu. Hii 1.54 ndio namba ya kukariri kwa zege. Kwa udongo wa plasta na wa kujengea (yaani mchanga na simenti tu), kwa sababu hauna kokoto, tumia 1.33.

Mfano wetu: 8.43 × 1.54 = 12.98, sema 13.

Sasa ona hasara ya kuruka hatua hii. Mtu aliyechukua unene wa ramani, mita za ujazo 7.3, akagawa moja kwa moja kwa 7 (sehemu za mchanganyiko) halafu kwa 0.035 (ujazo wa mfuko mmoja, tutauona Hatua ya 5), anapata mifuko 30. Hesabu kamili, kama tutakavyoona hapo chini, ni 54. Mifuko 24 imepotea kwenye karatasi kabla hata lori halijawaka, halafu jioni anampigia mtu simu kuuliza kama fundi ni mwizi.

## Hatua ya 5: Gawa kwa reshio

Jamvi la nyumba ya chini wengi wanatumia 1:2:4, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Jumla ya sehemu ni 7. (Kama injinia amekuandikia nyingine fuata ya kwake, usimbishie kwa sababu ya maandishi yangu.)

13 gawa kwa 7 ni 1.857. Hiyo ni sehemu moja. Basi:

- Simenti: mita za ujazo 1.857
- Mchanga: mara mbili, 3.71
- Kokoto: mara nne, 7.43

Simenti hainunuliwi kwa ujazo, inanunuliwa kwa mfuko. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani 0.035 ya mita ya ujazo. 1.857 ÷ 0.035 = 53.06. Hakuna mfuko wa 0.06, kwa hiyo 54. Siku zote panda juu.

Ukitaka kufupisha, kwa mita moja ya ujazo ya zege au udongo, kabla ya kuongeza ya kumwagika:

- Zege 1:2:4, mifuko 6.3
- Zege 1:3:6, la kitako cha msingi, mifuko 4.4
- Udongo 1:4, mifuko 7.6
- Udongo 1:5, mifuko 6.3
- Udongo 1:6, mifuko 5.4

## Hatua ya 6: Mchanga na kokoto, hapa pima lori

Muuzaji anakwambia tripu. Tripu ni kipimo gani? Hakuna ajuaye. Kenta ina tripu yake, Fuso ina tripu yake, na Fuso mbili hazilingani kwa sababu mwingine ameongeza mbao pembeni na mwingine hakuongeza.

Panda na tepu. Pima bodi kwa ndani, urefu mara upana mara kimo cha mzigo, na kimo upime mzigo ukiwa umesawazishwa, kile kilima cha katikati ni urembo. Tuseme bodi ni 3.6 kwa 2.0 na mzigo umefika 0.6, hapo ni mita za ujazo 4.32.

Kokoto: 7.43 ÷ 4.32 = 1.72, kwa hiyo tripu 2 na itabaki ya kumwaga kwenye njia ya gari.

Mchanga una mambo yake. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba, punje zinashikiliwa na maji zinaachana, inaweza kufika asilimia 20 mpaka 30 juu ya ujazo wake ukiwa mkavu. Umenunua lori limejaa, likikauka limeshuka. Kwa hiyo kwenye mchanga mimi huongeza asilimia 20: 3.71 × 1.2 = 4.45. Hiyo ni tripu moja na kakipande. Msiumize kichwa na kakipande, leta tripu 2, uliobaki funika na turubai, utautumia kwenye plasta.

Kwa walio Dar na pwani yote: mchanga wa ufukweni hapana, hata ukipewa bure. Chumvi inakula nondo na ukuta unatoa unga mweupe miaka nenda rudi.

Umepatia kama lori likishamwaga na ukapima lundo kwa haraka haraka namba haikushtui. Lori lililopungua lirudishe kabla halijamwaga, likishamwaga huna kesi.

## Hatua ya 7: Siku ya kumwaga, hesabu ihakikiwe saa kwa saa

Watu wanadhani kazi ya hesabu imeisha dukani. Bado. Karatasi imesema 1:2:4 ila yule kijana mwenye beleshi hajaiona hiyo karatasi.

Kwa mfuko mmoja wa simenti: mchanga lita 70, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20. Kokoto lita 140, ndoo saba. Maji kama lita 25 mpaka 28, mchanga ukiwa umelowa punguza. Kama mnatumia toroli, ipime kwanza kwa ndoo mjue inabeba ngapi ikiwa imesawazishwa. Toroli la kilima na toroli la usawa ni vitu viwili, na asubuhi vijana wanajaza kilima kwa sababu wana nguvu, saa nane wanajaza nusu, zege la asubuhi linakuwa dhaifu na la mchana limenona.

Au tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo ni lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja. Mchanga maboksi mawili, kokoto maboksi manne. Hakuna ubishi.

Sasa kipimo chenyewe: mfuko mmoja wa 1:2:4 unatoa zege kama mita ya ujazo 0.159. Kwa unene wa sentimita 11 mfuko mmoja unafunika mita ya mraba 1.44. Kwa hiyo ikishaingia mifuko 10, zege linatakiwa liwe limefunika kama mita za mraba 14. Simamisha kazi dakika mbili, vuta tepu.

Ukikuta 14 au karibu na hapo, endelea, jioni itakukuta unanywa chai. Ukikuta 11, zege linakwenda nene, angalia uzi umelegea au kifusi kimedidimia kwa kukanyagwa. Ukikuta 18, ama ni jembamba ama simenti inapunjwa, hesabu mifuko mitupu. Kujua saa nne asubuhi una muda wa kuongeza mifuko, kujua saa kumi jioni ni yale ya Kibaha.

Mifuko mitupu isichomwe mpaka mwisho wa siku. Ndio risiti yako.

## Kifusi chini ya jamvi

Hii fupi. Kifusi na moramu vikishindiliwa vinashuka, kwa hiyo nunua zaidi ya shimo. Ndani ya kuta za msingi tuseme kuna mita za mraba 64, kina cha kujaza sentimita 30: 64 × 0.30 = 19.2. Zidisha kwa 1.3 unapata 25. Kwa lori letu la 4.32 ni tripu 6. Shindilia kwa tabaka la sentimita 15 na maji, ukimwaga zote 30 kwa mara moja juu patakuwa pagumu na chini pamelegea, na hapo ndipo zile sentimita 13 za hatua ya pili zinapozaliwa.

## Plasta, hesabu ile ile ila ukuta unadanganya

Chumba cha mita 3.6 kwa 3.0, kimo 2.8. Mzunguko ni 13.2, mara 2.8 ni mita za mraba 36.96. Toa mlango (0.9 × 2.1 = 1.89) na dirisha (1.5 × 1.2 = 1.8). Inabaki 33.27.

Unene wa plasta ya ndani kwa kawaida ni sentimita 1.5, yaani 0.015. 33.27 × 0.015 = karibu 0.5. Plasta inapotea kuliko zege, inadondoka chini na inaingia kwenye viungo vya tofali, kwa hiyo ongeza asilimia 20, inakuwa 0.6. Mara 1.33 ni 0.8. Reshio 1:5, gawa kwa 6 ni 0.133, gawa kwa 0.035 ni mifuko 3.8. Chukua 4. Mchanga ni tano mara 0.133, 0.67, na ile ya kuvimba sema 0.8.

Vizuri. Ila hiyo ni kama ukuta umenyooka.

Kabla hujaenda dukani, ning'iniza timazi (uzi wenye uzito chini) kwenye kila ukuta na vuta uzi kona kwa kona, ona tumbo na bonde liko wapi. Kuta nyingi nilizopima, kuzinyoosha kwa plasta inafika wastani wa sentimita 2 na zaidi. Chumba hiki hiki kikihitaji 2.5, hesabu inakuwa 33.27 × 0.025 = 0.83, ukiongeza asilimia 20 inakuwa 1.0, mara 1.33, gawa kwa 6, gawa kwa 0.035, mifuko 6.3. Yaani 7. Chumba kimoja kimetoka mifuko 4 kwenda 7 na rangi hujapaka.

Na plasta nene hivyo usiipige kwa tabaka moja, itavuta na kuachia ukuta, piga ya kwanza ikwaruzwe, ikishika ndio uje na ya pili.

Kwa hiyo timazi lipite siku ukuta unapomalizwa, fundi aliyejenga akiwa bado anakudai.